Kuhamisha ofisi: wikendi moja au kwa awamu?

Kuhama kwa mkupuo mmoja kuna raha yake. Ijumaa jioni watu wanafunga maboksi, Jumatatu asubuhi wanakaa kwenye meza mpya. Hakuna kuulizana faili liko jengo gani, wala kulipa kodi ya sehemu mbili kwa muda mrefu. Ubaya wake ni kwamba kosa moja linawagusa wote. Intaneti ndiyo ya kuogopwa: laini mpya inaweza kuchukua wiki kadhaa kuunganishwa, kwa hiyo iombwe mapema na ijaribiwe kabla hata kiti kimoja hakijapakiwa garini.

Kwa awamu, idara moja hutangulia, tuseme uhasibu (si mwisho wa mwezi, tafadhali!), nyingine zikifuata wiki baada ya wiki. Waliotangulia ndio wanaogundua kwamba soketi ziko mbali na meza au printa haionekani kwenye mtandao. Wenzao wanakuta mambo yamesharekebishwa. Lakini kodi ya sehemu mbili inalipwa kwa muda mrefu zaidi, na mafundi wa kompyuta hushinda njiani.

Mimi, kwa ofisi ya watu chini ya 30, ningechagua wikendi. Zaidi ya hapo, au pale ambapo simu za wateja haziwezi kukosa wa kuzipokea hata kwa saa moja, awamu. Kwa vyovyote vile, kila boksi liandikwe ubavuni jina la mwenyewe na namba ya meza yake. Si juu: yakishapandanishwa, juu hapasomeki.