Waya wa optikali au wa koaksiali: uzoefu wangu na mvumo wa sebuleni

Sebuleni kwangu hapa Dar es Salaam nina amplifaya ya stirio, spika mbili za kusimama, kicheza CD nilichokinunua kwa jirani aliyekuwa akihama, pamoja na runinga iliyounganishwa na king'amuzi cha dishi. Mwaka jana niliongeza kigeuzi kidogo, yaani kile kifaa kinachopokea sauti ya dijitali na kuifanya ya analogi kabla haijaingia kwenye amplifaya, ambacho wapenzi wa muziki hukiita DAC. Nyuma yake kina matundu matatu ya kupokelea sauti: USB, koaksiali inayobeba sauti kwa umeme, na optikali inayoibeba kwa mwanga. Nilidhani kazi iliyobaki ni kununua waya tu, kazi ya nusu saa. Ilinichukua miezi miwili.

Kijana wa dukani Kariakoo alinitazama, akapima uwezo wangu, kisha akatoa waya wa koaksiali uliofumwa kwa nyuzi za nailoni, wenye pini za rangi ya dhahabu na unene wa kidole. "Mzee, huu ndio wenyewe," akaniambia, "besi itashuka mpaka vioo vya dirisha vitetemeke." Bei ilikuwa shilingi 120,000. Nikalipa, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa na fedha mfukoni na sikuwa na hoja ya kumjibu.

Nikauchomeka kutoka kwenye king'amuzi hadi kwenye kigeuzi. Sauti ilitoka safi, maneno ya mtangazaji yalisikika vizuri, lakini chini yake kulikuwa na mvumo mzito usiokatika, mithili ya transfoma ya mtaani inayosikika usiku watu wakishalala. Nilipozima king'amuzi, mvumo ukabaki. Nilipofungua skrubu ya waya wa dishi unaoingia nyuma yake, ukanyamaza papo hapo. Nikaurudisha waya, mvumo ukarudi. Nilirudia jaribio hilo mara nne, kwa sababu jibu lilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia.

Mvumo haukutokana na ubovu wa waya, wala data ya sauti haikuwa imeharibika njiani. Waya wa koaksiali ni wa chuma, na chuma huunganisha maungo ya kifaa kimoja na ya kingine. Dishi langu limefungwa kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa ardhini uani, na amplifaya yangu ina plagi ya pini tatu iliyounganishwa na waya wa ethi wa nyumba. Kwa hiyo palikuwa na njia mbili za kwenda ardhini, na kati yake pakawa na mzunguko ambamo umeme mdogo wa hezi 50, ambao ndio mwendo wa umeme wetu wa majumbani, ulitembea kupitia ganda la waya wangu wa bei mbaya, ukavuka kigeuzi, ukaingia kwenye nyaya za analogi na kuishia kwenye spika. Ningenunua waya wa shilingi milioni moja, mvumo ungekuwa uleule.

Dawa yake ilikuwa waya usio na chuma. Waya wa optikali, ambao Toshiba ya Japani iliuanzisha mwaka 1983 na ndiyo maana hadi leo huitwa pia Toslink, ni uzi wa plastiki wenye kipenyo cha takriban milimita 1 unaopitisha mwanga mwekundu. Mwanga huwaka na kuzimika, na upande wa pili kuna kihisio kinachousoma. Umeme hauna pa kupita. Nilinunua wa mita 2 kwa shilingi 15,000, katika duka jingine, kwa mama mmoja ambaye hakuniahidi chochote kuhusu vioo vya dirisha.

Safari hii niliunganisha kutoka kwenye runinga, kwa kuwa ndiyo yenye tundu la optikali, na king'amuzi chenyewe huingia kwenye runinga kwa HDMI, ule waya mmoja wa picha na sauti. Nakiri kwamba nilianza kwa aibu. Pini iligoma kuingia, nikaisukuma, ikagoma tena, na nusura nivunje kile kimlango kidogo cha tundu. Nilipoisogeza karibu na taa ndipo nilipoona kwamba kila ncha imevikwa kofia ya plastiki inayong'aa, nyembamba kiasi kwamba huitambui usipoitafuta. Nikazivua zote mbili, pini ikaingia kwa mlio mdogo wa "tik". Kabla ya kuchomeka upande wa pili niliielekeza ncha kwenye kiganja, nikaona nukta nyekundu imetua katikati ya mistari ya mkono. Hicho ndicho kipimo changu mpaka sasa: nukta ikionekana, runinga inatuma.

Hata hivyo spika zilikuwa kimya. Nilishuku waya, nikashuku kigeuzi, nikalala nimenuna. Kesho yake nikaingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga na kukuta imewekwa itume Dolby Digital, muundo uliobanwa kwa ajili ya mifumo ya spika nyingi, ambao kigeuzi cha stirio kama changu hakiuelewi. Nilipobadilisha kuwa PCM, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa, sauti ikatoka mara moja, na chini yake hapakuwa na kitu. Nilisogeza sikio hadi kwenye wavu wa spika, nikasikia feni ya darini tu.

Kuhusu ubora wa sauti nilitaka kujiridhisha mwenyewe. Rafiki aliniazima waya wa optikali ambao, kwa bei aliyonitajia, ungenunua amplifaya nyingine kama yangu. Nilimwomba mpwa wangu abadilishe nyaya nyuma ya kabati bila kuniambia, nami nikakaa kochini nimegeuza uso, tukicheza kipande kilekile cha taarabu chenye fidla na qanun. Kati ya mara 12 nilipatia 5, ambayo ni chini ya kubahatisha. Mpwa wangu bado ananikumbusha. Sishangai, kwa maana kipokezi kinachofanya kazi sawasawa kinaamua tu kama mwanga umewaka au umezimika. Data ikipotea husikii besi iliyopungua kidogo, unasikia mikwaruzo, mikatiko au ukimya mtupu.

Mikatiko hiyo naijua, kwani niliwahi kulisukuma kabati ukutani likaukunja waya kama karatasi. Uzi wa plastiki hauvumilii kona kali, mwanga huvuja pale ulipokunjwa. Niliupa nafasi ya mviringo mpana, ukapona. Asiyeweza kukwepa kona, au mwenye umbali unaozidi mita 5 hivi, afikirie njia nyingine. Vilevile, kwa faili za muziki za kilohezi 192, yaani sampuli 192,000 za sauti kwa sekunde, matundu mengi ya optikali hayana uhakika zaidi ya kilohezi 96, na hapo koaksiali ina nafasi yake.

Nayo koaksiali sikuitupa. Kicheza CD kina plagi ya pini mbili, hakina ethi wala dishi, kwa hiyo hakitengenezi ule mzunguko. Sharti la waya wa koaksiali ni kuwa na ukinzani wa ohm 75, na nilipopekua sanduku la vikorokoro nikapata ule waya wa manjano wa video uliokuja na deki ya zamani, ambao nao umetengenezwa kwa ohm 75. CD hutuma biti 1,411,200 za muziki kwa sekunde, mzigo ambao waya uliozoea kubeba picha unaumudu bila jasho. Nikauchomeka, ukafanya kazi, na ule wa shilingi 120,000 nikaurudisha dukani. Hawakunirudishia fedha, walinipa nyaya za spika za thamani hiyo, nami nikazikubali kabla hawajabadili mawazo.

Kasoro moja imebaki. Kwa runinga yangu, sauti inayotoka kwenye optikali haifuati kitufe cha sauti cha rimoti, hivyo tunahitaji rimoti ya amplifaya pia. HDMI yenye ARC, yaani njia ya kurudisha sauti kutoka kwenye runinga hadi kwenye amplifaya, iliyokuja na toleo la 1.4 mwaka 2009, ingelitatua hilo, lakini kigeuzi changu hakina tundu la HDMI, na waya huo wa chuma ungeniunganisha tena na dishi. Mke wangu amezifunga rimoti zote mbili pamoja kwa mpira wa kufungia fedha, na akikaa mtu mgeni kwenye kochi hulazimika kumweleza ipi ni ya nini.