Diklofenaki ya dukani au chupa ya maji moto?

Ukiwa fundi cherehani Kisenyi, Kampala, na mgongo unakuuma mwaka wa tatu sasa, njia zilizo ndani ya uwezo wako ni mbili.

Vidonge vya diklofenaki vinapatikana kila duka la dawa, na maumivu hutulia upesi ukamaliza sare za shule za watu. Lakini ukivimeza kila siku, tena tumbo likiwa tupu, vinaweza kukuletea vidonda vya tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha. Hapo utalipa mara ya pili, na zaidi.

Maji moto na mazoezi huenda polepole. Jaza chupa, izungushie kitambaa, iegemeze kiunoni dakika 15. Kila nusu saa inuka, tembea hadi mlangoni, jinyooshe. Wiki za mwanzo utaona unajisumbua bure; vumilia. Mimi nimeshika hii, kidonge nakiweka kwa siku mbaya, baada ya kula.

Vituo vya afya vya serikali viliondolewa ada mwaka 2001, ingawa dawa huisha. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukikuponyoka, nenda hospitali siku hiyohiyo.