Nimeijaribu programu ya simu inayosoma rangi ya choo cha mtoto mchanga

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Hapa mezani nina simu, nina nepi tatu kwenye mfuko, na nina kadi ya rangi iliyochapishwa. Kama uko kwenye chakula, simamisha video kwanza, umalize, halafu urudi. Leo tunaangalia choo cha mtoto, na nitakionyesha waziwazi.

Bidhaa yenyewe ni programu ya simu. Unafungua nepi, unapiga picha, unaweka duara juu ya kile unachotaka kisomwe, na baada ya sekunde chache unapata jibu moja kati ya matatu: rangi ya kawaida, rangi isiyo na uhakika, au rangi iliyopauka, mpeleke mtoto kwa daktari. Basi. Sitaitaja jina, kwa sababu niliyoyaona yanaweza kukukuta kwenye programu yoyote ya aina hii inayotegemea kamera.

Mimi nina mtoto mchanga nyumbani, na nimeitumia kwa wiki tatu. Lakini kabla sijasema inafanya kazi au haifanyi, lazima tuelewane inatafuta nini, maana wengi wanaipakua wakidhani ni ya kuhara na kufunga choo. Siyo.

Ile rangi ya manjano, kijani au kahawia unayoiona kwenye nepi inatokana na nyongo. Ini linatengeneza nyongo, mirija inaipeleka kwenye utumbo, na huko ndiko choo kinapopata rangi. Mirija ikiziba, nyongo haifiki. Choo kinatoka kimepauka: cheupe kama chaki, cha kijivu, rangi ya udongo wa mfinyanzi, au manjano hafifu mno iliyokaribia krimu. Na ile nyongo iliyokwama inabaki ndani ya ini na kuliharibu taratibu.

Kuna ugonjwa ambapo mirija hiyo ya mtoto mchanga inaziba kabisa. Kitaalamu unaitwa atresia ya mirija ya nyongo. Ni nadra. Ulaya na Marekani unampata takriban mtoto mmoja kati ya 10,000 hadi 20,000, na Taiwan unatokea zaidi ya hapo. Mwaka 1955 daktari wa upasuaji wa Japani, Morio Kasai, alifanya upasuaji wa kuunganisha utumbo na ini moja kwa moja ili nyongo ipate njia, na mpaka leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake. Hauponyi kila mtoto, wengine baadaye huhitaji kupandikizwa ini. Ila kadiri unavyofanywa mapema ndivyo unavyofaa zaidi, na madaktari wanataka ufanyike kabla mtoto hajatimiza siku 60.

Siku 60, jamani. Nilikaa nikazihesabu kwenye kalenda. Siku mbili tatu za kwanza ni kile choo cheusi kinachonata kama lami, hakikuambii chochote kuhusu nyongo ya sasa. Halafu kinageuka kijani, kisha manjano. Wiki mbili za mwanzo watoto wengi wana manjano ya macho na ngozi, kila mtu anakwambia itaondoka, na kweli kwa wengi inaondoka. Ukija kushtuka, mwezi umekwisha. Na mtoto mwenye ugonjwa huu mwanzoni ananyonya vizuri, anaongezeka uzito, kwa macho ni mtoto mzima. Kinachosema ukweli ni nepi, pamoja na mkojo: mkojo wa mtoto mchanga hauna rangi, hivyo ukiona unatia nepi doa la manjano iliyokolea, hiyo nayo ni ishara.

Sasa tuje kwenye majaribio.

Jaribio la kwanza, nepi hii hapa. Choo cha kawaida, manjano ya haradali, mtoto ananyonya ziwa la mama. Nimeipiga picha dirishani mchana: kawaida. Chini ya balbu ya mwanga wa njano: kawaida. Usiku kwa flashi ya simu, nikiwa nimeikaribia sana: haina uhakika. Hapo sikushtuka. Flashi imemulika sehemu yenye unyevu, ikang'aa, na programu ikasoma mng'ao badala ya rangi. Nikarudi nyuma kidogo nikapiga tena, ikasema kawaida.

Jaribio la pili ndilo lililoninyima usingizi. Choo kilichopauka sina, namshukuru Mungu. Nikachukua hii kadi yenye picha za choo cha watoto, kila rangi na namba yake, nikapiga zile picha zilizopauka moja moja. Dirishani zote zilisomwa kuwa zimepauka. Vizuri kabisa. Nikaingia chumbani, nikawasha ile balbu ya njano, nikapiga zilezile. Mbili zikasomwa kuwa za kawaida.

Angalieni hapa kwenye skrini, nimeziweka ubavu kwa ubavu. Ni picha ileile ya kadi. Huku kulia ni krimu, huku kushoto imekuwa manjano safi. Balbu imeipaka rangi ambayo ini halikuipaka. Kamera nayo inajaribu kusawazisha weupe yenyewe, mara inapatia, mara inakosea. Najua karatasi siyo choo, na printa nayo ina makosa yake. Lakini kosa la aina hii ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mzazi anapewa neno "kawaida" analolala nalo usingizi.

Kwa hiyo kama utaitumia, tumia mwanga wa mchana, karibu na dirisha lakini si kwenye jua kali, bila flashi, na uache sehemu nyeupe ya nepi ionekane kwenye picha. Piga nepi ikiwa bado mbichi. Na kama mtoto ana manjano, kitenganishe kile choo uangalie ndani, kwa sababu mkojo wenye rangi unaweza kukipaka kwa nje kikaonekana cha manjano kumbe katikati ni cheupe. Hilo programu niliyonayo haikuambii popote, na nadhani lingekuwa jambo la kwanza kwenye maelekezo.

Je, wazo lenyewe lina msingi? Lina. Madaktari wa chuo kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani walitengeneza programu iitwayo PoopMD, na uchunguzi wake ulichapishwa mwaka 2015. Walitumia picha ambazo wataalamu wa watoto walikubaliana rangi zake. Kati ya 7 za choo kilichopauka, programu iliona zote 7. Kati ya 27 za kawaida, ilipatia 24, na zile 3 ilisema haina uhakika. Hakuna hata moja iliyoitwa iliyopauka. Ni matokeo mazuri, ingawa picha 7 ni chache, na mimi ningependa kuona nyingi zaidi zilizopigwa na wazazi wenye usingizi saa nane usiku.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kadi ya karatasi. Taiwan ilianza kuwapa wazazi wote kadi ya rangi mwaka 2004. Mwaka huo, kati ya watoto wenye ugonjwa huu waliofanyiwa upasuaji wa Kasai, asilimia 60 walifanyiwa kabla ya siku 60. Mwaka uliofuata ikawa asilimia 74.3. Japani nayo iliiweka kadi ndani ya kijitabu cha afya ya mama na mtoto mwaka 2012. Kadi haina betri, haiombi ruhusa ya kusoma picha zako zote, na unaishika pembeni ya nepi chini ya mwanga uleule, kwa hiyo balbu ikidanganya inadanganya vyote viwili. Programu inaishinda kadi kwa jambo moja kubwa: kumbukumbu. Inahifadhi picha kwa tarehe, na choo kinaweza kupauka polepole, siku baada ya siku, mpaka jicho la nyumbani likazoea. Nikipitisha kidole nikaona wiki tatu zote kwa mpangilio, naona mwendo wa rangi, na hiyo naithamini kuliko jibu lake lolote.

Rangi nyingine, kwa haraka. Kijani usiogope. Kahawia kwa maziwa ya kopo, sawa. Nyekundu, au nyeusi baada ya siku zile za mwanzo, inaweza kuwa damu, hiyo ni ya daktari hata kama programu imesema kawaida. Dawa ya madini ya chuma nayo hutia weusi, mtajie daktari kama mtoto anaitumia.

Msimamo wangu: jibu la "imepauka" lifuate, siku hiyohiyo, usisubiri nepi tatu za kuthibitisha. Jibu la "kawaida" lisikuzuie kwenda. Mtoto akiwa bado na manjano baada ya siku 14, nenda, na uombe kipimo cha damu kinachotenganisha aina mbili za bilirubini, ile rangi ya kwenye damu inayoleta manjano, siyo jumla peke yake. Ibebe na nepi yenyewe kwenye mfuko. Usione aibu, daktari wa watoto anataka kuiona.

Haya, nepi ya mwisho, ya nusu saa iliyopita. Dirishani hapa, flashi imezimwa, weupe wa nepi unaonekana. Napiga. Inasoma... kawaida. Naweka kadi pembeni, na jicho langu linasema hivyohivyo. Naihifadhi na tarehe yake. Leo ni siku ya 41.