Mashine ya kupima sukari ya damu iliyolala nami kitandani miezi kumi na moja

Mgonjwa wangu ni mwanangu mwenyewe, tunakaa Langoni, Lamu. Kisukari chake nilikiona kwanza kwa sisimizi, waliofuata sukari kwenye mkojo. Asubuhi moja nilikuta nepi zake za kitambaa zimejaa sisimizi kwenye beseni. Alikuwa wa wiki saba, ananyonya hashibi, anakojoa mno, anazidi kukonda. Zahanati ya kwanza ilisema homa ya mapafu. Siku iliyofuata alihema kwa nguvu, tukavuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, tukashika njia ya Mombasa. Huko muuguzi alimchoma kisigino, akaweka tone la damu kwenye mashine, na kioo kikaandika HI: sukari imepita kiwango ambacho mashine inaweza kusoma. Tone moja tu! Laiti lingepimwa siku ya kwanza.

Kisukari kinachoanza kabla ya miezi sita mara nyingi hutokana na kasoro kwenye jeni moja, yaani sehemu moja ya maelekezo ya urithi mwilini. Damu yake ilipelekwa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, wanakopima bila malipo, na ikaonekana ni jeni la KCNJ11. Kwa maelezo ya daktari, milango ya potasiamu kwenye seli za kongosho hubaki wazi, basi insulini, homoni inayoshusha sukari, haitoki. Vidonge vya glibenklamidi huifunga. Hospitalini walimtoa polepole kwenye sindano za insulini. Sasa nasaga kidonge, nachanganya na maji, nampa mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Sasa mashine yenyewe ninayompimia nyumbani. Inataka damu kidogo sana, majibu ni sekunde tano, na kioo kina taa, jambo kubwa umeme ukikatika usiku. Kisigino nakiosha, nakikausha, nakipasha joto kwa kitambaa, kisha namchoma pembeni, si katikati. Ikisoma chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), namlisha kama nilivyoelekezwa na napima tena baada ya dakika 15.

Mama mkwe ana mashine yake ya sukari, akanipa kwa moyo mweupe. Sikuitumia. Damu ya kichanga ina chembe nyekundu nyingi, na mashine nyingine hudanganyika nazo zikasoma chini. Muulize muuzaji kama yake imeruhusiwa kwa vichanga, akisitasita ondoka.

Kinachonikera ni vijiti vya kupimia, vinavyowekwa tone la damu. Kopo la vijiti 50 nalinunua shilingi 1,800, na miezi ya mwanzo, kwa kupima mara sita kwa siku, halikufika siku tisa. Unyevu wetu nao ni adui. Usiku mmoja nilisahau kufunika kopo karibu na dirisha, asubuhi kisigino kimoja kikatoa majibu matatu yasiyofanana. Nililitupa lote huku nalia.

Nyota nne, ya tano nimeinyima kwa bei ya vijiti. Na kabla hujalipa tazama tarehe ya mwisho kwenye kopo, mimi niliuziwa lililobakisha wiki mbili.