Uzoefu wangu: kupanga picha za kanga kwa libcaca na Chafa

Mama yangu mdogo anauza kanga Tanga mjini. Mimi naishi Morogoro, na sehemu yangu katika biashara hiyo ni kuitunza tovuti anakoweka picha za doti zake. Mzigo mpya ukiingia, kijana wa dukani hupiga picha, siku nyingine hadi mia tatu, kisha huzipandisha kwenye seva na majina yaleyale yaliyotoka kwenye simu: tarehe, saa, basi. Ni juu yangu kujua ipi ni kisutu, ipi ni ya bluu yenye korosho, ipi imepigwa mara nne kwa kuteleza kidole.

Kwa miezi mingi nilikuwa nazishusha zote. Picha moja ina kama megabaiti 4; mia tatu ni gigabaiti 1.2, na bando la wiki linakwisha Jumanne. Ndipo nikaanza kutafuta namna ya kuzitazama palepale zilipo, ndani ya seva, kwa terminali peke yake, yaani lile dirisha la kuandikia amri. Terminali kwa asili yake haijui picha. Inajua herufi, na inajua kuipaka kila herufi rangi yake na rangi ya mgongo wake. Nikajiuliza: je, hizo mbili hazitoshi kumwonyesha mtu kanga?

Zinatosha, tena zaidi ya nilivyotarajia. Nimetumia programu mbili kwa karibu miaka miwili sasa, zote huria, zote za bure, na nataka kueleza kila moja inafaa wapi, kwa sababu nilipoteza muda mwingi kwa kudhani moja ingefanya kazi ya mwenzake.

Nilianza na libcaca. Mimi huisoma "libkaka", na mama mdogo aliposikia akauliza kaka yupi. Kwa kweli jina ni kifupi cha maneno yenye maana ya sanaa ya herufi yenye rangi, na aliyeianzisha ni mwandishi wa programu wa Ufaransa, Sam Hocevar. Kabla yake, miaka ya 1990, palikuwa na AAlib ya Jan Hubička wa Ucheki, ambayo ilifanya kazi hiyohiyo bila rangi: nukta kwa penye mwanga hafifu, alama nzito kwa penye mwanga mkali. Libcaca ikaja na rangi na herufi za Unicode. Leseni yake, WTFPL, ni miongoni mwa leseni zilizo wazi kuliko zote: ufanye nayo upendavyo. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, vifaa vyake viko katika kifurushi kiitwacho caca-utils, na kukiweka ni jambo la dakika moja. Amri niliyoihitaji ni hii:

img2txt -W 80 picha.jpg

Ukimaanisha: nipe picha hii kwa upana wa herufi 80. Picha ya kwanza kuijaribu, kwa bahati, ilikuwa kisutu. Anayeijua kisutu anajua ina nini: nyekundu, nyeusi na nyeupe, vimraba na vidoa vilivyopangwa kwa safu, kanga ya harusi na ya unyago. Ilipotokea kwenye terminali nilikaa nikaitazama tu. Pindo lilikuwa pindo, mji ulikuwa mji. Nyekundu ilikuwa nyekundu hasa. Bibi yetu alikuwa akisuka mikeka ya ukili wa kupaka rangi, na nilikuwa nikimwona anavyopata ua katikati ya mkeka kwa kuamua tu ni ukili upi upite juu na upi upite chini. Hiki ndicho nilichokiona hapa. Kila chumba cha terminali, yaani nafasi ya herufi moja, ni makutano ya nyuzi mbili, rangi ya herufi na rangi ya mgongo, na umbo la herufi linaamua ipi ionekane zaidi.

Kwa mizigo miwili mitatu nikaamini nimemaliza. Kisha zikaja kanga za zambarau.

Hapa lazima niseme jinsi libcaca inavyofanya kazi, maana bila kulijua hilo utailaumu bure. Ikiandika kwenye terminali, inatumia zile rangi 16 za zamani: nyeusi, nyekundu, kijani, njano na wenzake, nane zilizofifia na nane zilizokolea. Rangi yoyote isiyokuwemo inaitunga kwa kuchanganya nukta, nyekundu hapa na bluu pale, jicho likae mbali likaone zambarau. Mbinu zake za kuchanganya ziko kadhaa, na unaichagua moja kwa -d. Iliyo bora kwangu ni fstein, ambayo hulipeleka kosa la rangi la kila nukta kwa jirani zake, kwa hesabu ya Floyd na Steinberg ya mwaka 1976. Kwa picha ya mtu au ya bahari ni mbinu nzuri sana. Kwa kanga ni balaa. Kanga yenyewe imejaa nukta na vidoa, na programu inaongeza vyake juu yake, hata huwezi kujua kidoa hiki kimechapwa kwenye kitambaa au kimetiwa na hesabu. Kanga ya rangi ya chungwa na ya rangi ya embe zikatoka kitu kimoja. Nikaziweka pamoja kwenye tovuti, mteja wa Pangani akaagiza moja akapelekewa nyingine, na nauli ya kurudisha ikatoka mfukoni mwa mama mdogo. Alinipigia simu kwa upole. "Mwanangu, hebu uwe unaziangalia vizuri." Niliona aibu siku nzima.

Jambo jingine la kujua kabla hujaiweka: libcaca yenyewe haisomi JPEG. Inategemea maktaba nyingine, Imlib2, na ikijengwa bila hiyo inasoma BMP tu. Ukipata ujumbe kwamba picha haifunguki wakati ipo mbele yako, anza kutafuta hapo.

Ndipo nikafika kwenye Chafa. Hii ni ya Hans Petter Jansson, leseni yake ni LGPL, na ni changa kwa libcaca kwa zaidi ya miaka kumi. Ipo kwenye Debian na Ubuntu kwa jina lake lenyewe, na ipo pia kwenye Termux, programu ya terminali kwa simu za Android, kwa hiyo naweza kuiweka hata kwenye simu: pkg install chafa. Tofauti ya kwanza ni rangi. Terminali nyingi za leo, pamoja na hiyo ya Termux, zinakubali kila rangi itajwe kwa kiasi chake cha nyekundu, kijani na bluu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 255, yaani rangi 16,777,216. Chafa inazitumia. Terminali ikiwa ya zamani kidogo, unaiambia -c 256 au -c 16, nayo inashuka hadi hapo. Chungwa ikawa chungwa na embe ikawa embe.

Tofauti ya pili ndiyo iliyonifanya niipende. Programu nyingi ndogo za namna hii hutumia hila moja: alama ya nusu-tofali, ambayo nusu yake ya juu ina rangi moja na ya chini ina nyingine, hivyo chumba kimoja kinabeba pikseli mbili. Ni hila nzuri, na ukiitaka hata Chafa inaifanya. Lakini kwa kawaida yake Chafa hukichukua kila chumba kama uwanja mdogo wa nukta 8 kwa 8, ikalinganisha umbo la picha hapo na maumbo ya alama inazozijua, yaani matofali, robo, mistari, pembe, kisha ikachagua alama inayofanana zaidi. Kwa hiyo mpaka kati ya pindo na mji unatoka ukiwa mstari, haukatikikatiki kama ngazi. Ukiinamisha kanga wakati wa kupiga picha, hata ule mlalo unaonekana. Kwa mtu anayepanga picha, huo ni msaada mkubwa: najua mara moja ipi imepigwa upande na irudiwe.

Mpango wangu wa kila siku sasa ni huu. Naingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuiamuru kompyuta ya mbali, kutoka kwenye simu, naenda kwenye folda ya mzigo mpya, naandika:

for p in *.jpg; do echo $p; chafa -f symbols -s 60x30 $p; done | less -R

Jina la faili, kisha kanga yake, jina, kanga. Nateremka taratibu na daftari pembeni. Hiyo -f symbols naiweka makusudi, kwa kuwa Chafa ikikuta terminali inayoweza kupokea picha halisi hutuma picha halisi, na mimi nataka herufi. Kuhusu bando, hesabu yake ni rahisi: chumba kimoja kwa gharama ya juu kabisa ni baiti 39, yaani 36 za kutaja rangi zote mbili na 3 za alama yenyewe. Vyumba 1,800 vinakuwa baiti 70,200. Picha mia tatu hazivuki megabaiti 22, na kwa kawaida ni chini ya hapo, kwa sababu rangi ikijirudia haitajwi upya. Ukiunganisha kwa ssh -C, maandishi yanabanwa njiani na kupungua tena. Kutoka gigabaiti 1.2!

Rafiki yangu mmoja, fundi wa mitandao, aliniambia ningeweza kuzipunguza picha zenyewe ziwe ndogo kama stempu kisha nizishushe, na zingekuwa nyepesi hata kuliko hizo herufi. Ni kweli kabisa. Lakini ni kupunguza, kushusha, kufungua, kurudi kwenye terminali kubadilisha jina, na kurudi tena kwenye picha. Kwenye kioo cha simu, kuruka huku na kule mara mia tatu kunachosha vibaya. Hapa jicho na mkono viko mahali pamoja.

Sasa penye upungufu, na huu nausema kwa msisitizo kwa sababu ulinigharimu. Herufi hazikuambii kama picha ina ukungu. Picha iliyotikisika na picha iliyotulia, zikishushwa hadi vyumba 60 kwa 30, ni mapacha. Mwezi wa kwanza nilipitisha kanga kumi na mbili ambazo ukizifungua kwa ukubwa wake zimefifia kama zimepigwa nyuma ya pazia. Siku hizi nikishamaliza kuchagua, zile zinazobaki nazikata kipande kidogo cha katikati kwa ukubwa wake halisi, nashusha vipande hivyo tu, natazama ukali wake. Na jina la kanga, yale maneno ya chini, halisomeki. Unaona kwamba kuna kisanduku chenye maandishi. Yanasema nini, huoni. Kwa mwanamke anayenunua kanga jina ndilo nusu ya kanga, wakati mwingine ndilo kanga yote, kwa hiyo majina bado huyaandika kijana wa dukani kwenye orodha.

Usidhani libcaca nimeiacha. Ina jambo moja inalolifanya vizuri mno, nalo ni kuihifadhi picha ya herufi kwa namna nyingi: HTML, SVG, hata troff. Mwaka jana mama mdogo alitaka bango la dukani. Nikachukua picha ya ile kisutu ya kwanza, nikaandika img2txt -W 120 -d fstein -f svg, na faili iliyotoka nikaipeleka kwa mchapaji kwenye karatasi ya A2. SVG haiharibiki ukiikuza. Kwa mbali, kanga. Ukikaribia, alama tupu, nyekundu na nyeusi, mamia kwa mamia.

Alilipokea kwa basi la asubuhi, akanipigia mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bango limefika, zuri sana. Lakini kanga hii jina lake liko wapi?"

Nikafungua tena ile faili. Ndani ya SVG ya libcaca kila herufi imewekwa peke yake, na mahali pake na rangi yake, kwa hiyo unaweza kuifuta na kuandika nyingine. Nikautafuta mstari uliokuwa chini ya mji, pale kisanduku cha jina kinapokaa, nikabadilisha herufi 22, moja moja, kwa rangi nyeusi: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Bango lile la kwanza lipo ndani kwake, ukutani juu ya cherehani. Hili la pili liko mlangoni.