Safari za mtandaoni kwa darasa la sita: nilichopata kwa Sh 45,000

Nafundisha sayansi darasa la sita hapa Ujiji. Muhula uliopita niliingia mfukoni mwenyewe nikanunua kifurushi cha safari za mtandaoni kutoka kampuni moja ya Dar: video nane za mazingira, unazigeuza kwa kidole ukaona huku na huku. Projekta niliazima kanisani, madirisha tukayaziba kwa vitenge, bando likatoka kwenye simu yangu. Watoto 71 chumba kimoja, jasho tupu.

Tangazo lilisema kifurushi kinafuata mtaala wetu. Maelezo yote ni Kiingereza, na msimulizi anakimbia kama kondakta anayegombea abiria. Kila sentensi mbili nasimamisha, natafsiri. Nilipowapigia, dada wa huduma akasema, "Tunalifanyia kazi, mwalimu." Mpaka leo.

Video iliyorudisha hela yangu ni ya ziwa. Kamera inazama taratibu, mwanga unafifia, samaki wanapungua, kisha hakuna kitu. Hapo nikaizima, nikaandika ubaoni: Ziwa Tanganyika, kina mita 1,470. Nikawaambia samaki wetu wote wanaishi tabaka la juu tu. Huko chini hakuna oksijeni, lakini ndiko virutubisho vilikolala. Nikawapa mfano wa uji uliokaa: unga umetuama chini, usipokoroga unakunywa maji. Mkorogaji ni upepo wa kusini wa kiangazi. Maji ya juu yakizidi kupata joto, yanakuwa mepesi, yanagoma kuchanganyika na ya chini, na chakula cha samaki kinapungua.

Binti mmoja, baba yake mvuvi wa Kibirizi, akanyoosha kidole: "Kumbe upepo ndio unawalisha dagaa?" Nilikuwa nimelifundisha somo hilo miaka minne kwa mchoro wa kitabuni bila kupata swali kama hilo.

Video ya sokwe ndiyo iliyoniudhi. Mtoto mwenye ndugu zake Mwamgongo, kijiji jirani na hifadhi ya sokwe ya Gombe, aligundua kabla yangu: "Mwalimu, hawa wana uzio." Kweli, wamefugwa. Nikaifunga, nikafungua Street View ya Google, zile picha za njiani unazozigeuza kama uko palepale, ambayo tangu 2014 ina njia za msituni Gombe, bure. Darasa likalipuka, kila mmoja anadai anapajua. Ukweli ni kwamba wengi hawajafika, maana kwenda ni kwa boti tu, na nauli ya watoto 71 siwezi hata kuitaja mbele ya wazazi.

Nawapa nyota tatu. Ukinunua, pakua video usiku wa kuamkia kipindi, na anza na ziwa. Wenzangu wa Tabora msitegemee kuona misitu yenu ya miombo. Hakuna hata mninga mmoja mle.

Umeme ulikatika katikati ya video ya jangwa. Hakuna aliyeuliza iliishaje.