Durham Bulls Athletic Park: nilienda kama shabiki wa timu pinzani

Nyota nne na nusu, na hiyo nusu nimeipunguza kwa ajili ya joto tu ambalo kiukweli sio kosa la uwanja, North Carolina mwezi wa saba ni kama Dar ya Februari, shati linakuganda mgongoni kabla hujafika getini.

Mimi naishi Charlotte na timu yangu ya besiboli ni Knights. Safari hii nikasema niwafuate ugenini, nikambeba jamaa yangu wa kazini, Mkongo wa Bukavu ambaye hajawahi kuangalia besiboli hata ining moja (gemu moja ina zamu tisa hizo), tukashika barabara kuu ya I-85 kama masaa mawili na nusu hivi mpaka Durham. Tiketi nilizinunua kwenye app ya walanguzi na hapo nilijuta, makato yake yalikaribia bei ya tiketi yenyewe, kwahiyo wewe nunua moja kwa moja kwa timu. Halafu usiende Jumatatu. Ligi hizi wanacheza Jumanne mpaka Jumapili, mgeni ni yule yule wiki nzima.

Kwa wasiojua, hii ni Triple-A, ngazi moja chini ya ligi kuu. Ila sio kama mpira wetu kwamba timu inapanda daraja, hapa anapanda mchezaji. Bulls wako chini ya Tampa Bay Rays, Knights wako chini ya Chicago White Sox, zote mbili timu za ligi kuu, kwahiyo unaweza kumshangilia mtu leo na kesho asubuhi akapigiwa simu akaondoka zake, ndo maana ukikaa karibu unaona jamaa wanavyocheza kama mtu anayefanyiwa intavyuu.

Uwanja umefunguliwa 1995, unachukua watu kama elfu kumi, matofali mekundu yanayofanana na maghala ya tumbaku ya jirani, coz hapo hapo pembeni ndo kilikuwa kiwanda cha American Tobacco na mnara wa maji wa Lucky Strike bado umesimama. Siku hizi ni maofisi na migahawa, tukala huko kabla ya gemu. Kushoto kuna ukuta wa bluu wa futi 32, unaitwa Blue Monster, wameiga ule ukuta wa kijani wa uwanja wa Boston, na matokeo yanabandikwa kwa mkono. Ukuta uko karibu, futi 305 tu kutoka kwa mpigaji, lakini kwa urefu ule mpira ambao kwingine ungekuwa homurani (mpira unavuka ukuta, mpigaji na wenzake waliopo kwenye besi, vile vituo vya kukimbilia, wote wanapata pointi) hapa unagonga ukuta unarudi.

Juu ya ukuta sasa ndo kuna yule fahali. Bango kubwa, limeandikwa piga fahali upate steki, piga majani upate saladi. Bango la kwanza lilitengenezwa kwa ajili ya filamu ya 1988 iliyopigwa kwenye uwanja wao wa zamani, watu wakalipenda likabaki kuwa la timu. Bulls wakipiga homurani macho yanawaka mekundu, mkia unatingishika, pua zinatoa moshi. Na wana fahali mwingine wa kuvaa, Wool E. Bull, anazunguka anapiga picha na watoto. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, waje Durham waone.

Ushauri wangu kaa upande wa besi ya kwanza, unakuwa umetazamana na yule fahali wa juu ya ukuta.

Kitu kingine kilichomkosha Mkongo ni rufaa. Mpigaji hajakubaliana na refa kama mpira uliorushwa umepita eneo halali, anagonga kofia yake mara moja, uwanja mzima unageukia skrini, mpira unachorwa ulipopita, kama refa kakosea ni hapo hapo mbele ya watu. Akaniambia kaka, hii wangepeleka kwetu marefa wote wangehama. Na saa ya mrushaji, ile inayomhesabia sekunde za kurusha, imefanya gemu iwe fupi, usiogope zile stori za kukaa mpaka usiku wa manane.

Sasa aibu yangu. Mpaka ining ya sita Knights tunaongoza, nimevaa jezi, natakiwa niwe na furaha, lakini fahali kakaa tu pale juu hajatikisika na mwenzangu kila dakika tano ananiuliza bwana we, ile ngombe yako haifanye kazi? Nikajikuta moyoni namuombea mrushaji wetu akosee. Mara moja tu, watu wakiwa hawapo kwenye besi, isituumize sana.

Akakosea ining ya nane, na watu wawili wapo kwenye besi. Mpira ukavuka ukuta wa bluu, macho yakawaka, jamaa kasimama na kofia ya Knights niliyomnunulia mimi kichwani, anapiga kelele "ile ngombe iko natosha moshi!" wazee wa Durham mstari wa mbele wanageuka kumpa tano. Na mimi nimesimama napiga makofi, jezi ya ugenini mwilini, tumeshapitwa kwa mbio moja, yaani pointi moja.